Korongo Jembamba, Si Mwembamba

Kina mama wa kikundi cha Alhamisi, mmenichosha. Kila nikikutana na mmoja wenu sokoni au mlangoni pa kanisa, swali ni lile lile: "Mwalimu Rhoda, safari ilikuwaje? Tumesikia uligombana na watu mpaka Baringo." Nani amewaambia niligombana? Nilisahihisha watu. Kuna tofauti. Sasa naandika mara moja tu, msome nyote, halafu mniache nipumzike. Na msome hadi mwisho, kwa sababu mwisho unawahusu nyinyi zaidi ya mwanzo.

Kabla hatujatoka Kaptembwo

Mnamjua dada yangu Penina. Sare za kwaya mlizovaa Pasaka alizishona yeye, pale kwenye chumba chake cha mbele kinachoangalia barabara. Basi mmeiona ile kalenda iliyo ukutani, mkabala na cherehani. Ni ya duka la vitambaa, na mwaka wake ulikwisha zamani, lakini hajawahi kuitoa kwa sababu ya picha. Ni picha ya jangwa la ng'ambo: kuta mbili za mawe mekundu zimekaribiana hivi kwamba mtu akinyoosha mikono anazigusa zote mbili, na katikati, kutoka juu kabisa, mwali mmoja wa jua umeshuka mpaka kwenye mchanga. Penina ameitazama picha hiyo kila alipoinua kichwa kutoka kwenye sindano.

Mwaka huu alianza kugonga vitu. Ndoo, fremu ya mlango, bega la mteja. Nilimpeleka hospitali, na daktari akasema ni presha ya macho. Kilicho mbele yake anakiona, tena vizuri, lakini pembeni panafungwa kidogo kidogo kutoka huku na huku. Dawa ya matone inaweza kuchelewesha mambo. Haiwezi kurudisha kilichokwenda, na siku moja mbele pia patafungwa. Lini, daktari hakusema.

Tulipokuwa tukirudi nyumbani Penina hakulia. Alisema mambo mawili. La kwanza, nisimwambie mtu yeyote, maana hakuna mwanamke atakayempa kitambaa cha harusi fundi ambaye macho yanamwacha. La pili, anataka kuliona korongo kama lile la kwenye kalenda kabla pazia halijafungwa.

Ng'ambo sina uwezo wa kumpeleka. Lakini nilikuwa nimesikia kwamba kule chini ya milima ya Tugen, ukishapita Marigat, katika nchi ya vumbi na miiba, maji yamekata mwamba kwa miaka mingi yakaacha njia nyembamba vile vile, na kwamba adhuhuri, jua likiwa utosini, mwali wake hushuka mpaka chini. Adhuhuri tu. Ukiwahi ni kivuli, ukichelewa ni kivuli. Tena mvua zilikuwa mlangoni, na zikishaanza haingii mtu humo. Kwa hiyo ilikuwa sasa, au tungoje mwaka mwingine na macho mengine.

Nikamtafuta Kevo, kijana wa hapa hapa mtaani mwenye lile gari dogo jeupe. Mama yake ni mteja wa Penina tangu Kevo akiwa tumboni, na ndiyo sababu sikuweza kumweleza kwa nini safari hii ilikuwa na uzito. Nilimwandikia ujumbe kwa Kiswahili kilichonyooka: "Tupeleke kwenye korongo jembamba, refu, upande wa Marigat. Tufike kabla ya adhuhuri." Akajibu: "Sawa mathe, hiyo naijua poa."

Hiyo. Si hilo. Nilipaswa kushtuka hapo hapo.

Nakuru hadi Mogotio

Kevo alichelewa. Tumekaa kibarazani na vikapu vyetu tangu alfajiri, chai imeshapoa kwenye chupa, na yeye yuko anaosha gari. Gari la kwenda kwenye vumbi! Alipofika linang'aa hata unaweza kujitazama, na amenyunyiza manukato ndani mpaka Penina akapiga chafya.

"Niaje Auntie, niaje Mwalimu. Leo mnabebwa kama wabunge."

"Wabunge husubiriwa," nikamwambia. "Sisi ndio tumesubiri."

Tukapita Kiamunyi, tukaanza kuteremka, na mashamba ya mkonge yakajitokeza mistari kwa mistari. Penina aliketi mbele. Nilimweka huko makusudi ili barabara yote iwe mbele yake. Alikuwa amevaa gauni la rangi ya udongo alilojishonea kwa ajili ya siku hiyo, ili, anasema, alingane na mawe.

Mogotio Kevo akasimamisha gari, eti injini ipumue. Injini ya gari lililotoka Nakuru tu! Tukaingia hotelini. Nikamwomba binti aliyehudumia chai ya rangi.

"Rangi gani, mathe?"

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa amesimama na trei yake akingoja nichague, nyekundu au kijani. Kevo akacheka akamwambia, "Anataka strungi," na binti akasema, "Aa, strungi! Si angesema." Kwa hiyo ni mimi niliyekosea. Nimefundisha Kiswahili katika maisha yangu yote ya kazi, na ili ninywe chai kavu katika nchi yangu nahitaji mkalimani wa miaka ishirini na kitu. Mandazi yalikuwa ya jana. Hilo nalo nililisema.

Mbele kidogo ndipo ilipo ikweta, na kwenye ikweta kuna bwana mwenye beseni. Anaweka kijiti cha kibiriti kwenye maji, anatembea hatua chache upande huu, kijiti kinazunguka hivi. Anatembea upande ule, kinazunguka vile. Sisi hatukumwita. Alimshika Penina mkono akamleta kwenye beseni.

"Mama, angalia hapa. Unaona kijiti?"

Penina akainama, akaangalia maji. Kijiti kilikuwa kimekwenda ukingoni mwa beseni.

"Hapa, mama! Angalia vizuri. Ama umelala?"

"Kisogeze katikati," nikasema.

"Mathe, hiki kijiti kinajiendea chenyewe, ni sayansi..."

"Nimesema kisogeze katikati! Na usimwambie dada yangu amelala!"

Nilipiga kelele, nakubali. Watu waligeuka. Bwana yule akakisogeza kijiti kwa kidole, Penina akakiona, akacheka kwa furaha, akasema, "Kweli, kinazunguka!" Kevo aliniangalia kwa jicho la kusema, huyu mama ana shida gani na kijiti? Na mimi nilikuwa nimefungwa mdomo. Hilo ndilo lililonitesa njia nzima: nina sababu ya kukasirika, na siruhusiwi kuitaja.

Mogotio hadi Marigat

Joto likaanza kutuingia. Miti ikawa mifupi, udongo ukawa mwekundu, na mbuzi wakawa ndio wenye barabara. Mbuzi wa Marigat hawasikii honi. Mmoja alisimama katikati ya lami akitafuna karatasi, akamwangalia Kevo, akaendelea kutafuna. Penina alicheka mpaka akajifuta machozi. Mimi niliangalia jua.

Wauza asali walikuwa wamepanga chupa zao kando ya barabara. Penina akataka asali. Mama mmoja akamwonjesha kwa kijiko, wakazungumza habari za nyuki na maua na ukame, na mama yule akamweleza kwamba asali nyeusi ni ya kifua na ile nyeupe ni ya wageni. Penina akauliza ya macho ni ipi. Mama akasema zote. Nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Tulifika Marigat jua likiwa bado halijafika juu. Nikaanza kuwa mtu mwema. Nilikuwa nimeuliza vizuri kabla ya safari: pale Marigat unakata kushoto, njia ya kwenda milimani, Kabarnet. Kevo akapita makutano kama hayakuwepo.

"Kevo, kushoto."

"Relax, Mwalimu."

"Milima iko kushoto. Unaiona milima?"

"Milima naiona. Lakini vile tunaenda ni mbele. Mimi nimeleta wazungu huku mara mob." Mob kwake ni nyingi.

Penina akarudisha mkono nyuma akanigusa goti, ishara yake ya tangu utotoni ya kuniambia ninyamaze. Nikanyamaza. Ni kosa ambalo sitalirudia.

Kampi ya Samaki, ambako hatukuwa tunakwenda

Barabara ikaishia kwenye maji. Ziwa Baringo, lote, limetandazwa mbele yetu, rangi ya chai ya maziwa, limemeza miti na nyumba zilizokuwa ufuoni. Na pale ukingoni, boti. Na ndani ya boti, kijana amesimama ametuwekea maboya ya kuvaa.

"Karibuni! Ndio wale wa korongo?"

Ndio sisi, akasema Kevo, kifua mbele. Kisha akanyoosha kidole kuelekea mti uliokufa majini, mbali kidogo. Juu ya tawi la mti huo alikuwa amesimama ndege mkubwa wa kijivu na kahawia, shingo ndefu, miguu kama vijiti, anatazama maji bila haraka yoyote.

"Ndio huyo. Korongo. Mrefu, mwembamba. Si nilisema naijua?"

Wengine mnacheka. Chekeni. Kiswahili chetu kimempa ndege yule na bonde la mwamba jina moja, na huyu mtoto amesoma ujumbe wangu, "korongo jembamba, refu", akaona miguu ya ndege.

Lakini kilichoniumiza hakikuwa hicho. Penina alikuwa ameshuka garini. Kevo anamwonyesha, "Pale, Auntie, kwenye mti," na Penina anageuza kichwa, kidogo huku, kidogo kule, polepole, kama mtu anayetafuta ufunguo ulioanguka kwenye majani. Ziwa ni pana mno. Mti ulikuwa mmoja. Alipita juu yake, akaurudia, akaupita tena. Mwishowe akasema, "Mzuri sana," akitazama mahali ambapo hapakuwa na ndege.

Nililia kwa ndani. Kisha hasira ikanipanda yote kwa pamoja.

"Kevo! Niliandika nini?"

"Korongo, Mwalimu."

"Korongo gani?"

"Refu, ile nyembamba..."

"Jembamba! Niliandika jembamba! Ndege ni kiumbe hai, ni ngeli ya A-WA, ningeandika korongo mwembamba, mrefu! Jembamba ni LI-YA! Ni bonde! Ni pango lililopasuka! Ni ufa wa mwamba, Kevo, hauna miguu!"

"Sasa Mwalimu," akasema, kwa upole wa kuudhi, "si ungesema gorge? Gorge kila mtu anajua. Hizo ngeli sisi tuliziacha kwa darasa."

"Walimu waliwafundisha nini?"

Penina akacheka. Dada yangu mwenyewe! "Rhoda, nusu ya Kaptembwo ulifundisha wewe. Sasa unamlalamikia nani?"

Hata yule kijana wa boti alicheka. Kevo aliomba msamaha, nikamwambia msamaha ni ngeli ya U-I na sina haja nao. Hapo ndipo inaposemekana niligombana na watu mpaka Baringo.

Jua lilikuwa limefika utosini. Nilikiona kivuli changu kimejikunja chini ya miguu yangu. Kule milimani, wakati ule ule, mwali ulikuwa unashuka ndani ya mwamba na hakuna aliyekuwa anautazama. Penina alisema kwa kuwa tumeshafika ziwani tule samaki. Nikasema sili. Akaletewa ngege mzima wa kukaanga, na ugali, na kachumbari. Aliketi akitafuta miiba kwa ncha za vidole, hana haja ya kuangalia. Nilikula nusu ya samaki wake. Alikuwa mtamu, na hilo pia lilinikasirisha.

"Hapo tu"

Penina ndiye aliyesema twende hata kama mwali umepita. "Mawe hayaendi popote," alisema.

Tukarudi Marigat, tukakata kushoto, sasa kulia kwa kuwa tulikuwa tunatoka upande mwingine, na Kevo akaniuliza kwa adabu kubwa kama ni sawa kukata kulia. Kisha tukaanza kuuliza njia. Mzee mwenye fimbo akasema, "Hapo tu mbele." Tukaenda mbele mpaka mbele ikaisha. Mama aliyebeba kuni akasema, "Aa, mmepita. Hapo tu nyuma." Mwanamume aliyekuwa anatengeneza pikipiki akaonyesha kwa mdomo, midomo imechongoka, bila kuondoa mkono kwenye spana: hapo tu. Sijui nani aliwadanganya watu wetu kwamba kutoa umbali halisi ni utovu wa adabu. Hawataki kumvunja mgeni moyo, basi wanamwacha apotee na moyo wake mzima.

Na juu ya milima wingu lilikuwa limekaa. Si kubwa. La bluu kwa chini.

Kwenye mdomo wa korongo

Tulilipata kwa sababu ya kibanda cha mabati na mwanamke aliyeketi mbele yake akisuka kamba. Aliitwa Chebet, ndiye anayepeleka wageni ndani. Aliinuka, akatutazama, akatazama milima, akaketi tena.

"Leo hapana."

"Hapana nini?" nikauliza.

"Kuingia. Mvua iko juu. Hapa jua, huko mvua, na maji ya huko ndio hupita hapa. Yakikupata ndani huna pa kukimbilia. Rudini kesho, ama wiki ijayo."

Alikuwa amesema ukweli, nikajua, na ukweli wake ulinikasirisha zaidi ya uongo wa wale wa hapo tu. Nilisema maneno mengi. Nilisema tumetoka mbali. Nilisema kuna watu wanaoosha magari badala ya kusafiri. Nilisema kuna nchi ambayo mtu akisema korongo watu wanatazama angani. Kevo alikuwa amejiegemeza kwenye gari, kichwa chini. Chebet alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Pole, mama. Hakuna wiki ijayo?"

Kulikuwa na jibu moja tu na halikuwa langu.

"Huenda hakuna," akasema Penina.

Alisogea mbele mpaka akawa ana kwa ana na Chebet, karibu kuliko kawaida ya watu, kama anavyofanya siku hizi, akamwambia kila kitu. Presha ya macho. Pembeni panafungwa. Kalenda. Alisema bila kuongeza chumvi, kwa sauti ile ile anayotumia kukuambia gauni lako litakuwa tayari Ijumaa. Kevo alisikia yote. Niliona akimtazama Penina, kisha akigeuka kutazama upande wa ziwa, na nikajua ameukumbuka ule mti.

Chebet hakusema pole. Alitoa simu akampigia mama yake, ambaye anakaa juu kule ambako mkondo unaanzia. Walizungumza kwa lugha yao. Kisha akatuambia: mvua bado haijashuka, upepo ndio umekuja. Tutaingia kidogo, mpaka kona ya kwanza, si zaidi. Lakini ndani hakuna mtandao. Mtu abaki nje na simu, mama yake akiwa hewani, na akisikia mvua imefika, apige honi asiache.

"Nitabaki mimi," akasema Kevo. "Auntie, nitapiga mpaka betri ife."

Ndani

Mdomo wa korongo huoni kama ni mlango mpaka uwe umeingia. Hatua chache, joto likaondoka. Mchanga ulikuwa laini, kuta zilikuwa zimelambwa na maji zikawa na mikunjo mikunjo, myekundu, ya kahawia, na mstari mweupe unaopita kote kama upindo. Penina aliuona upindo huo kabla yangu. Aliufuata kwa kidole ukutani akienda, akinung'unika kama fundi, "Mshono mzuri. Nani ameshona hapa?"

Mwali haukuwepo. Nilitazama juu nikaona ufa wa mbingu tu, na mwanga hafifu umetapakaa kwenye mawe. Sikuweza kuvumilia. Nikaanza tena, kwamba tungekuwa hapa adhuhuri, kwamba kiambishi kimoja, kiambishi kimoja tu kimetunyima...

"Rhoda," akasema Penina. "Nyamaza, nijibu. Huku pembeni kwako unaona nini?"

"Ukuta."

"Na upande ule?"

"Ukuta."

"Na mbele?"

"Njia. Na mbingu kidogo."

Akasimama. Alinyoosha mikono akazigusa kuta zote mbili, kama ni zile za kwenye kalenda, akageuka kunitazama, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu hospitali.

"Basi ndivyo ninavyoona," akasema. "Karibu."

Chebet alikuwa mbele yetu akakohoa, akatazama mchanga. Nilimshika dada yangu mkono tukasimama pale kwenye ubaridi, bila pembeni, wote wawili.

Honi ikalia.

Ililia bila kupumua, na Chebet akatusukuma. Tulikimbia, kama wanawake wa umri wetu wanavyokimbia, mikono mbele, Penina akicheka, kiatu changu kimoja kikabaki humo. Tukatoka nje tunahema. Jua kali. Ardhi kavu. Kevo yuko kwenye usukani, mkono kwenye honi, jasho linamtoka.

"Imefika! Mathe amesema imefika!"

Chebet akachukua simu, akauliza. Akasikiliza. Akafunga macho.

"Alikuwa anaongea na jirani, yule asiyejua lugha ya kwetu," akasema. "Ng'ombe. Ng'ombe imefika."

Kina mama, nawaomba mfikirie hali yangu. Ng'ombe *wamefika*. Mvua *imefika*. Nimelisema hilo mbele ya ubao miaka nenda miaka rudi, wakanicheka, wakasema Mwalimu, si tunaelewana tu? Haya. Nimepoteza kiatu. Nikavuta pumzi nianze somo, na kabla sijafungua mdomo milima ikanguruma, ngurumo ndefu iliyoshuka mpaka miguuni mwetu. Chebet akasema hata kama ni ng'ombe, sasa tuondoke. Penina alikuwa ameketi juu ya jiwe anacheka hawezi kusimama.

Nyumbani

Tulianza kurudi. Karibu na mkonge Kevo alisema, bila kugeuka, "Auntie, mimi leo sijaskia kitu. Hata kwa mathe sitasema." Penina akamjibu, "Asante, lakini nitasema mwenyewe. Nimechoka kujificha."

Na alisema. Mlikuwepo, Alhamisi ile. Alisimama akawaambia kama alivyomwambia Chebet, akaongeza kwamba bado anashona na atawaambia mwenyewe siku atakayoshindwa. Mkampigia makofi. Mkamwombea. Mkamkumbatia mmoja mmoja.

Kisha mkaanza kuja kuchukua vitambaa vyenu.

Mlidhani sitajua? Nilikuwa jikoni. Mmoja alisema binti yake ameahirisha harusi. Harusi hiyo nimeiona kwa macho yangu haya mazima, ikipita na magari na matarumbeta. Mwingine alisema anataka kwanza "kumpumzisha Penina". Penina aliwakunjia vitambaa vizuri, akawafungia, akawasindikiza mlangoni. Hakunung'unika. Mimi ndiye ninayenung'unika, na nitaendelea. Daktari alisema anaona mbele. Sindano iko mbele! Tangu lini mtu akashona kwa pembeni? Nyinyi mnaoona kila upande, mmeangalia nini siku zote mlizokuja kupimwa pale?

Mliniuliza safari ilikuwaje. Ndivyo ilivyokuwa.

Jana jioni nilikuwa namtungia Penina uzi kwenye sindano, rafu ya vitambaa ikiwa nusu tupu nyuma yetu, simu yangu ikalia. Ni ujumbe wa Kevo. Nanukuu wote: "Mwalimu, mathe anataka gauni la harusi ya binamu yangu. Gauni lenyewe liwe refu, jembamba. LI-YA."

Niliusoma. Nikavaa miwani, nikausoma tena neno kwa neno, nikitafuta kosa. Sikulipata.

"Anasemaje?" Penina akauliza, macho yake kwenye sindano.

Nikamsomea.

"Mwambie alete kitambaa," akasema.